Jinsi Nilivyousafisha Uso wa Mama Véronique

Aibu yangu ilionyeshwa ukutani, mita mbili kwa tatu, mbele ya watu wapatao sitini, na kitufe nilikibonyeza mwenyewe, tena huku nikitabasamu. Naanza hapo ili msidhani kwamba nina jambo ninaloficha. Hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, kisa hiki kimeshasimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo, na kila kikipita mdomoni mwa mtu kinaota mkia mpya (nimesikia kwamba mchoro niliuchoma moto, nimesikia kwamba mzee alinirushia nyundo), basi afadhali nikieleze mimi, kwa mpangilio, maana ukweli wenyewe unatosha kunidhalilisha bila kuongezwa chumvi.

Mimi ni mtu wa kopi. Nina kibanda cha kupiga kopi, kuchapa barua na kutoa picha ndogo za vitambulisho, karibu na soko, katika nusu ya duka ambamo marehemu baba yangu, aliyetoka Maniema, aliuza chumvi na mafuta. Shule niliiacha kabla ya diploma. Yote ninayoyajua kuhusu kompyuta nimejifundisha mwenyewe, polepole, na kila jambo ninalojifunza naliandika katika daftari kwa hatua zenye namba, na madaftari hayo sasa yamefika kumi na manne. Majirani wananiita Ingénieur, yaani mhandisi. (Hawanisifu. Ukisikia sauti wanayotumia utaelewa.)

Basi mwanamke mmoja anayeitwa Georgette alikuja kibandani na bahasha kubwa kifuani, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Georgette ni binti wa Papa Évariste, fundi wa picha za shaba, na kama hujawahi kuona kazi hiyo nitakueleza kwa ufupi: fundi analaza bamba jembamba la shaba kifudifudi juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, analipiga kwa nyuma kwa nyundo ndogo na vyuma butu, kwa siku nyingi, na siku anapoligeuza unakuta upande wa mbele pameinuka wanawake wanaotwanga, wachimbaji wa Kambove wenye magunia begani, wavuvi wa Tshangalele wanaovuta nyavu. Papa Évariste hapigi tena. Mikono yake inatetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai anakishika kwa mikono yote miwili, na anayepiga sasa ni Georgette. Lakini michoro ya penseli, ile inayotangulia shaba, yote ishirini na minne, ni ya mkono wa mzee, ya miaka ile mkono ulipokuwa bado unamtii.

"Papa Ramazani," Georgette akaniambia, "minye nataka site, ile ya internet. Bantu ba Lubumbashi na ba mbali banauliza kila siku, tuonyeshe kazi, tuonyeshe kazi. Nataka mchoro hapa, shaba kando yake, muntu aone vile kintu kinazaliwa."

Akazitoa karatasi moja moja. Mimi nimepitisha mikononi karatasi nyingi kuliko mtu yeyote wa mtaa wangu, lakini siku ile nilivaa miwani. Kulikuwa na kichwa cha samaki ambacho ukikitazama unasikia ubaridi. Kulikuwa na mgongo wa mchimbaji, mstari mmoja tu kutoka shingoni hadi kiunoni, penseli haikuinuliwa hata mara moja, na uzito wote wa gunia umo ndani ya mstari ule. Nikamuuliza Georgette baba yake alisomea wapi. Akasema hakusomea popote. Nikaona haya kwa ajili ya madaftari yangu kumi na manne.

Ya mwisho ilikuwa uso wa mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani.

"Hii ni mama," Georgette akasema. "Hii bado kupigwa. Papa aliichora mwaka mama alikufa, akashindwa kuipiga. Anasema ni juu ya mikono, lakini mikono ilikuwa bado muzima ile wakati. Njo minye nitaipiga. Ile siku ya kufungua site, mbele ya bantu, yeye akiwa pale anatazama. Shaba nimeshanunua. Chunga hii kuliko zote, Papa Ramazani."

Nikamwambia awe na amani. Na kweli nilizichunga, kila moja katika mfuko wake wa plastiki, kila mfuko na namba yake. Kama ningekuwa mtu mzembe, msiba huu usingetokea.

Kosa lilianzia hatua ya nne. Hatua ya kwanza ni kupangusa kioo cha skana, ya pili kulaza karatasi, ya tatu kuangalia kwamba umeme haujakatika, na ya nne ni kuchagua aina ya picha: rangi, kijivu, au nyeusi na nyeupe. Nikachagua nyeusi na nyeupe. Sababu zangu zilikuwa mbili na zote zilionekana nzuri. Faili la kijivu ni zito na mtandao wa Kikula mnaujua. Halafu kuna sababu ya pili, ambayo ni mtu wa kopi pekee angeweza kuwa nayo: miaka ishirini na miwili ya kazi imenifundisha kwamba kijivu ni uchafu. Mteja anapokurudishia kopi kwa hasira, anakurudishia kwa ajili ya kijivu. Wino umezeeka, kioo kina vumbi, karatasi ina jasho la mfukoni, vyote hivyo vinatokea kwa kijivu, na fundi mzuri wa kopi ni yule anayefukuza kijivu hadi karatasi ibaki na nyeusi na nyeupe tu.

Sasa skana ikiambiwa nyeusi na nyeupe haina huruma. Kila kilichokolea kidogo inakifanya cheusi kabisa, na kila kilichopauka inakitupa. Na michoro ya Papa Évariste, niliona sasa, ilikuwa imejaa madoa: hapa kwenye shavu, hapa chini ya bega, mengine meusi kama masizi, mengine mepesi kama moshi. Niliyatazama kwa lenzi. Yalikuwa ya kidole gumba, hata mikunjo ya ngozi ilionekana. Nikasema moyoni, maskini mzee, mikono ya fundi, anashika nyundo, anashika mkaa, halafu anashika karatasi. Kwenye kioo cha kompyuta madoa yale yaligeuka mabaka meusi. Samaki alionekana ameungua. Na Mama Véronique, Mungu amrehemu, alikuwa na ndevu.

Nilijaribu kuyafuta mabaka ndani ya kompyuta, lakini yalikuwa yameshikana na mistari, ukiondoa baka unaondoa na nusu ya mdomo. Kwa hiyo nikafikia uamuzi ambao mpaka leo nikiukumbuka nikiwa peke yangu naguna kwa sauti: nikaamua kusafisha karatasi zenyewe.

Nilifanya kwa uangalifu mkubwa sana. Kwanza sehemu laini ya ndani ya mkate, unaifinyanga iwe kidonge na kukigusisha bila kusugua, kisha kifutio cheupe kilichokatwa kwa wembe ili kiwe na ncha kali, kisha brashi laini ya kuondoa makombo. Siku tatu. Michoro tisa, ile iliyokuwa na madoa mengi zaidi. Sikugusa mstari hata mmoja, na jambo hilo nilijivunia kiasi kwamba nilimwita mke wangu Zaina atazame.

Zaina akatazama, akafuta mikono kwenye pagne, kitenge alichojifunga, akaniuliza: "Baba Mwamini, mwenyewe alikuambia ufute?"

"Wewe unaweza kumwambia mzee wa watu kwamba vitu vyake ni vichafu?"

"Hapana."

"Basi."

"Lakini kumuuliza si kumwambia," akasema, akarudi jikoni. Na mimi, badala ya kuliandika hilo katika daftari, nikapuliza makombo.

Lazima niwe mkweli pia kuhusu furaha yangu. Baada ya kusafisha, nikaipitisha michoro katika programu inayofuata kila mstari wa penseli na kuugeuza kuwa mstari wa hesabu, yaani kompyuta haikumbuki tena vidoa vya rangi, inakumbuka njia: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Mstari wa namna hiyo unaweza kuukuza uwe mkubwa kama nyumba na hautavunjika. Nikalikuza jicho la Mama Véronique mpaka likajaza kioo chote, na ukingo wa kope ukapita mbele yangu kama barabara, mpana, laini, na kila mahali mkono wa mzee ulipopunguza mwendo miaka ile niliweza kupaona. Nilikaa pale kahawa yangu ikapoa. Nilifikiri nimepewa ruhusa ya kutembea ndani ya mkono wa mtu mwingine. (Nilikuwa nimeshaukata mkono huo, lakini sikujua.)

Siku ya kufungua tovuti ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili, katika ukumbi wa parokia. Papa Évariste alikaa mstari wa mbele katika koti la kahawia, viganja juu ya magoti ili visionekane vikitetemeka. Mezani mbele ya watu kulikuwa na mto wa mchanga, vyuma, nyundo, na bamba jipya la shaba linalong'aa mpaka lilitupa mwanga darini. Georgette alisimama nyuma ya meza, amefunga kitambaa kichwani kama cha kwenye mchoro. Mpango ulikuwa hivi: mimi naonyesha tovuti ukutani, kisha namkabidhi karatasi ya mama yake, naye ananakili mistari kwenye shaba na kuanza kupiga.

Nikashika maikrofoni. Nikaonyesha samaki, watu wakapiga makofi. Nikaonyesha wavuvi wa Tshangalele, wakapiga makofi zaidi. Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: akipata watu wa kumsikiliza anataka waone hatua. Nilikuwa nimetunza, kwa mchoro mmoja tu, ile picha ya kwanza ya skana, ili waone hali ya kabla na hali ya baada. Na nilikuwa nimechagua mchoro ulio mzuri kuliko yote.

Nikabonyeza.

Halafu sauti ya Dieudo, dereva wa malori ya Kambove, mtu ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake:

"Eh! Mama Véronique ameota ndevu!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka kama watu wanavyocheka wakiwa wametoka kanisani, yaani kwa nguvu zilizokuwa zimezuiwa, wengine wameziba nyuso kwa vitambaa. Na mume wa marehemu amekaa mbele. Nikasema haraka kwenye maikrofoni, "Hapana, hapana, msihangaike, ule ni uchafu tu, uchafu wote nimeshautoa, hata kwenye karatasi yenyewe nimeutoa!" Nikabonyeza tena, na ukutani ukaja uso safi, mistari mitupu, mweupe kama sahani. Makofi. Nikainama kidogo. Naapa, niliinama.

Kisha nikamkabidhi Georgette mfuko wa plastiki.

Akaitoa karatasi. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akaielekeza dirishani. Hakupaza sauti, lakini nilikuwa karibu naye na maikrofoni iko mkononi mwangu, basi watu wote wakasikia.

"Papa Ramazani. Kidole ya papa iko wapi?"

"Kidole gani?"

"Kidole. Hapa ku shavu. Na hapa chini ya jicho. Na hapa."

"Nilifuta," nikasema, na maikrofoni ikalitupa neno hilo hadi mlangoni. "Ilikuwa uchafu."

Georgette akaishusha karatasi. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Alikuwa kama mtu anayehesabu jambo ambalo hesabu yake haitoki. Kisha akanieleza taratibu, mbele ya watu sitini, mambo ambayo ningeweza kumuuliza kibandani siku ya kwanza tukiwa wawili:

"Mistari inaniambia fasi ya kupita, pahali nyundo inaenda. Kidole njo inaniambia nipige namna gani. Fasi amesugua nyeusi, nashuka sana. Fasi ni moshi, nagusa tu. Bila kidole, minye sijui kama shavu ya mama inasimama ao inalala."

Nikaelewa. Ilinijia yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji: kila doa nililolifuta kwa ncha ya wembe lilikuwa kina, lilikuwa kipimo, lilikuwa ndilo picha yenyewe, na mistari niliyoilinda siku tatu ilikuwa uzio tu kuizunguka.

"Ingénieur!" Dieudo akapaza sauti kutoka nyuma. "Umeosha mama ya bantu mpaka amebakia mifupa!"

Wachache wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu Papa Évariste alikuwa amesimama. Akaja hadi mezani, akaishika karatasi kwa mikono miwili, nayo ikaanza kutetemeka pamoja naye, na katika ukumbi wote kilichosikika ni mlio mdogo wa karatasi ile.

Mtu mwenye akili angeomba radhi na kukaa. Mimi nikataka kutengeneza. "Subirini!" nikasema. "Ile ya kwanza ipo! Ile yenye alama! Haijapotea!" Nikabonyeza kurudi nyuma, ndevu zikarudi ukutani, mita mbili kwa tatu, na kompyuta, ambayo kwa miezi saba haikuwa imeniangusha, ikaganda hapo hapo. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mama Véronique akabaki anatutazama na ndevu zake, na mimi nikawa nazunguka meza natafuta waya wa projekta, nikavuta wa kipaza sauti, kikapiga ukelele, watoto wakaanza kulia, nikavuta mwingine, feni ikazimika. Papa Évariste alikuwa anaitazama picha ile kwa utulivu, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Ile inaonyesha fasi," akasema. "Haionyeshe kipimo." Kisha akanigeukia, akanirudishia karatasi. "Lakini umefanya kazi ya propre, Ramazani, safi kabisa."

Akaenda kukaa. Ningependelea nyundo.

Siku ile Georgette hakupiga. Alilifunika bamba la shaba kwa pagne, watu wakatoka wakizungumza kwa sauti ya chini, na mimi nikabaki nakunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kesho yake nilimwendea na orodha. (Ndiyo, orodha. Sijui njia nyingine ya kuomba msamaha.) Michoro tisa niliyoisafisha, minane kati yake iliwahi kupigwa, na shaba zake zimetundikwa katika nyumba za watu hapa hapa mjini. Nikamwambia kwamba kama kina kimepotea kwenye karatasi, basi bado kimo kwenye shaba, na mimi nitatafuta kila moja. Georgette akafikiri, akasema: "Kwa nyuma. Itabidi tuziangalie kwa nyuma."

Tukatembea wiki mbili, nyumba kwa nyumba, na katika maisha yangu sijafundishwa na mtu kama nilivyofundishwa katika sebule zile. Watu wote wa Likasi wanaijua shaba kwa mbele. Kwa nyuma sikuwa nimeitazama hata siku moja. Ukiitoa ukutani na kuigeuza unaona upande uliopigwa, mweusi, una utando wa buibui, na humo kila pigo limebaki, maelfu, madogo kama nafaka, yanashuka pamoja kwenye bonde la bega na kupanda pamoja kwenye ukingo, na hakuna hata moja lililokuja bure. Georgette alikuwa anafumba macho, anapitisha kidole gumba ndani ya bonde, kisha anakichovya katika vumbi la penseli na kukibandika kwenye karatasi, sasa kwa nguvu, sasa kama pumzi. Nilishika taa. Mgongo wa mchimbaji uliporudi mbele ya macho yangu, ukiinuka kutoka kwenye karatasi tambarare, vinyweleo vya mikono yangu vilisimama.

Mchoro wa nane, ule wa wavuvi, ulikuwa kwa Dieudo, juu ya televisheni. Aliishusha shaba mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Chukua, Ingénieur. Lakini usioshe."

Ukabaki wa tisa. Uso wa Mama Véronique haukuwahi kupigwa, hakuna nyumba yoyote ambamo shaba yake imetundikwa, na Georgette aliniambia njiani, bila kunitazama, kwamba baba yake tangu Jumapili ile hajauliza habari za mchoro hata mara moja, na kwamba hilo ndilo linalomtisha. Nilijitolea kuikuza picha ndogo ya kitambulisho cha mama yake. Tuliipeleka kwa mzee. Akaitazama, akairudisha.

"Foto inaona kwa macho," akasema. "Minye sikuchora na macho."

Alikuwa amekaa uani, asubuhi, karatasi niliyomrudishia Georgette iko mbele yake juu ya ubao. Kando yake kulikuwa na vipande vya magazeti vyenye michirizi mirefu ya kijivu, na nikaelewa kwamba alikuwa amejaribu, siku nyingi, na kwamba kidole hakikuweza kutulia mahali kilipowekwa. Nikataka kusema jambo. Kwa mara ya kwanza katika mkasa wote huu, nilinyamaza kwa wakati.

"Georgette," mzee akasema. "Gusa uso yako."

"Papa?"

"Gusa. Na mukono ya kushoto. Ule mufupa wa shavu. Uko unausikia? Ule si wa kwako, ni wa mama yako. Sasa ile unasikia na kushoto, weka na kuume."

Georgette akachovya kidole gumba cha kulia katika vumbi la penseli. Kidole cha kushoto kikapanda polepole kwenye shavu lake mwenyewe, na cha kulia kikatembea kwenye karatasi, na mzee akafumba macho, akaanza kumwongoza kwa sauti, kana kwamba yeye ndiye anayegusa.

"Shuka. Shuka tena. Hapo simama, mama yako alikuwa mwembamba kukushinda. Sasa chini ya jicho, kiloko, kiloko sana, kama unaamusha mutoto. Eeh. Pua, pita bila kugusa. Mudomo, ku kona, hapo alikuwa na shimo akicheka. Weye hauna. Weka moja."

Sikumbuki muda uliopita. Nakumbuka kwamba jirani aliingia na ndoo ya maji, akasimama mlangoni, hakuitua. Uso ulikuwa unakuja. Nilikuwa nimeutazama kwa lenzi, nimelikuza jicho lake kama nyumba, na nilikuwa sijamwona bado. Sasa nilimwona, mwanamke ambaye sikumfahamu, anataka kusema jambo la kuchekesha na anajizuia.

Kidole cha kushoto cha Georgette kikafika kidevuni, na mzee akafungua macho ghafla.

"Kidevu acha! Ile ni ya kwangu!"

Georgette akacheka huku machozi yanamtoka. "Sasa tutafanya namna gani na kidevu, Papa?"

Mzee akaweka ubao sawa. Kisha akasogeza kiti, akauchukua mkono wa kulia wa binti yake, akaweka kidole chake gumba juu ya kidole cha Georgette, na wakashuka kwenye karatasi wote wawili, mkono mmoja umetulia na mmoja unatetemeka. Alama ilipoinuka ilikuwa na ukingo wa mawimbi madogo, kama maji yaliyoguswa.

"Nirekebishe?" Georgette akauliza.

"Hapana," mzee akasema. "Piga vile."

Georgette akaipiga vile. Ilimchukua siku kumi na tisa, na siku ya kuigeuza hapakuwa na ukumbi wala maikrofoni, tulikuwa watu watano uani, nami nilikaa mikono nimeikunja kifuani ili isiguse kitu. Mama Véronique alipotokea, mzee alinyoosha kidole kile kinachotetemeka na kukipitisha chini ya kidevu cha shaba, na palikuwa pametetemeka sawasawa naye.

"Ni yeye," akasema. Akaomba chai.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria, na nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kumi na tano, kabla ya hatua ya kwanza: kisichoeleweka kisiguswe mpaka mwenyewe aulizwe, hata kama kuuliza kunatia haya. Naifuata kwa ukali, na wateja wanalalamika kwamba nimekuwa mzito. Juzi dada mmoja kutoka ofisi ya mtaa aliniletea barua niipige kopi haraka, na pembeni ilikuwa na duara la rangi ya kahawia. Nikaweka barua mezani, nikavaa miwani, nikamuuliza ile ni alama gani, ina maana gani, na nani aliyeiweka.

"Ni chai, Papa Ramazani," akasema. "Ni chai tu."

Nikamshukuru kwa maelezo. Nikampigia kopi, na duara lake nikaliacha humo humo.